Barua ya Malalamiko: Msimbo Chanzo wa Ruta Yenu Haujakamilika

Kwa: Mkurugenzi wa Idara ya Bidhaa
Nakala: Idara ya Sheria

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUTOTIMIZWA KWA MASHARTI YA LESENI YA GPL KATIKA RUTA NILIYOINUNUA KWENU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa miezi minne nimekuwa nikiandikiana na kitengo chenu cha huduma kwa wateja kuhusu jambo moja tu: kupewa msimbo chanzo (maandishi ya programu ambayo mtu anaweza kuyasoma na kuyabadilisha) wa programu zilizomo ndani ya ruta, kama inavyotaka GPL, leseni ya programu huria; na kwa kuwa kila jibu nililopewa limekanusha lililotangulia, nimeona nilieleze upya tangu mwanzo na kukuletea wewe moja kwa moja.

Ruta yenyewe ni nzima na sina lawama juu ya umbo wala nguvu ya mawimbi yake. Tatizo ni kwamba masasisho ya programu yake yamekoma, na ninyi wenyewe mmenithibitishia kwa maandishi kwamba hayatatoka mengine. Nikaamua kuziba mianya ya usalama kwa mkono wangu. Nilifungua kasha, nikaunganisha nyaya tatu kwenye pini za siriali, zinazotoa maandishi ya kifaa kwenda kwenye kompyuta, zilizo kando ya kichakataji, nikaiwasha huku nikitazama kompyuta. Maandishi ya kwanza kutokea yalikuwa ya U-Boot, programu inayokiamsha kifaa. Sekunde chache baadaye kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, ikajitaja kuwa toleo 4.14.90, na nilipofika kwenye mstari wa amri BusyBox, kifurushi cha amri za msingi za mfumo, nayo ikatoa jina lake na namba yake. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu iliyotungwa na kampuni yenu peke yake. Zote zina wenye hakimiliki wengi, ambao wamewaruhusu kuzitumia na kuziuza ndani ya vifaa vyenu kwa masharti ya GPL toleo la 2, leseni iliyotolewa mwaka 1991.

Nakiri kwamba hamkuyaficha hayo. Ukurasa wa mwisho wa kitabu cha maelekezo, kwa herufi ambazo nilizisoma kwa kupiga picha na kuikuza, unaahidi kumpa msimbo chanzo yeyote atakayeuomba ndani ya miaka 3. Ahadi hiyo ni mojawapo ya njia ambazo kifungu cha 3 cha leseni kinaziruhusu kwa anayesambaza programu bila kuambatanisha msimbo wake, na kuna kampuni zisizofanya hata hilo. Lakini anwani ya barua pepe iliyochapwa hapo haipo; ujumbe wangu ulirudi mara mbili.

Nilipowapata kwa njia nyingine, nilidaiwa kwanza risiti. Risiti ninayo na niliituma, ila naomba idara yako ya sheria isome tena kifungu hicho: ahadi ya maandishi ni kwa mtu yeyote wa tatu, awe mnunuzi au asiwe, na malipo pekee mnayoweza kuyadai ni gharama ya kazi ya kuufikisha msimbo. Baada ya risiti nikaletewa mkataba wa kutunza siri niutie sahihi kabla ya kupewa faili. Huo sikuutia sahihi, wala sitautia. Kifungu cha 6 kinamkataza msambazaji kumwongezea mpokeaji vizuizi juu ya haki ambazo leseni imempa, na mojawapo ya haki hizo ni kuusambaza msimbo kwa wengine. Siri gani hiyo ambayo mwenyewe ameshairuhusu dunia nzima kuisoma?

Hatimaye, wiki ya kumi na moja, lilikuja faili moja lililobanwa, na hapa ndipo penye kiini cha malalamiko yangu. Ndani yake mlikuwa na kerneli 4.4, ilhali ruta inaendesha 4.14.90. Niliilinganisha na ile inayotolewa kwa umma na watunzaji wa Linux, faili kwa faili, na sikuona mstari hata mmoja uliobadilishwa. Maana yake ni kwamba mlipakua kerneli ya kawaida, tena si toleo lenyewe, mkanitumia. Faili la usanidi, lenye mipangilio ya kuijengea kerneli, halimo. Maelezo ya ubao wa ruta, yanayoiambia kerneli kumbukumbu iko wapi na taa zimefungwa kwenye pini zipi, hayamo. U-Boot na BusyBox hazikutajwa kabisa. Skripti ya kujenga, yaani amri za kuugeuza msimbo kuwa programu, haimo, wala ile ya kuunganisha vipande kuwa faili moja linaloweza kuandikwa kwenye ruta.

Leseni haikuliacha neno "msimbo chanzo" lielee. Inasema kwamba msimbo kamili ni wa moduli zote zilizomo, pamoja na mafaili ya violesura vinavyohusika, pamoja na skripti zinazoongoza ujenzi na usakinishaji wa programu. Nilichotumiwa hakiwezi kujengwa kikawa kile kilichomo ndani ya ruta, hata akipewa fundi wenu mwenyewe.

Jibu la mwisho nililopata ni kwamba programu hiyo mliipokea ikiwa imeshajengwa kutoka kwa mtengenezaji wa chipu, na kwamba msimbo hamnao. Naamini ni kweli, kwani vifaa vingi hutengenezwa hivyo. Hata hivyo, aliyeniuzia nakala ni ninyi, na leseni humfunga kila asambazaye, si wa kwanza peke yake. Isitoshe, mtengenezaji wa chipu alipowapa nakala ile, ninyi nanyi mlipata haki ya kumdai msimbo kamili. Mdaini.

Madai ya namna hii si mapya kwa watengenezaji wa ruta. Linksys ilipotoa msimbo wa ruta yake ya WRT54G mwaka 2003, baada ya watumiaji kugundua Linux ndani yake, ndipo ulipopatikana msingi wa mradi wa OpenWrt, mfumo huria wa kuendeshea ruta. Mwaka 2008 wakfu wa programu huria wa Marekani, FSF, uliishtaki Cisco, iliyokuwa imeinunua Linksys, na shauri likamalizwa kwa maafikiano mwaka 2009.

Ili tusipotezeane muda, sidai kurasa zenu za mipangilio, ambazo nazichukulia kuwa programu tofauti mliyoiandika wenyewe. Suala la funguo za kutia sahihi masasisho, zinazoifanya ruta ikatae programu isiyo na sahihi yenu, nalo nimeliacha kando, maana chini ya toleo la 2 watu bado wanalibishania. Ninachoomba ni msimbo kamili wa kerneli 4.14.90, U-Boot na BusyBox kama zilivyo kwenye ruta hii, mabadiliko yenu na ya mtengenezaji wa chipu yakiwemo, usanidi wake, na skripti za kuujenga na kuusakinisha. Naomba pia anwani iliyochapwa kitabuni ifufuliwe, ili atakayekuja baada yangu asianzie nilipoanzia.

Mimi si mwenye hakimiliki, na barua hii si notisi yao. Ila fahamuni kwamba kifungu cha 4 huondoa ruhusa ya kusambaza mara tu masharti yanapokiukwa, na kwamba mwaka 2017 watunzi wengi wa kerneli walitangaza kwamba mkosaji wa mara ya kwanza atarudishiwa ruhusa yake akirekebisha ndani ya siku 30 tangu apokee notisi. Muda huohuo nauazima kwenu, tangu siku mtakapopokea barua hii. Ukipita bila jibu, nitawapelekea wenye hakimiliki kumbukumbu ya maandishi yote yaliyotoka kwenye pini za siriali pamoja na faili mlilonitumia.

Nimeambatanisha kumbukumbu hiyo, matokeo ya ulinganisho wa kerneli, na nakala za mawasiliano yetu yote.

Wako mwaminifu,

Mnunuzi wa ruta