Mafundi redio, wapokeeni vijana wa usukani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na watu wa aina mbili wanaoishi mtaa mmoja hapa Tanga lakini hawaulizani kitu: mafundi redio wenzangu, na vijana wanaojiundia usukani wa kuchezea gemu za magari kwenye kompyuta.

Vijana hao nimewaona Makorora, Mabawa na hapa kwetu Ngamiani, na kazi yao naiheshimu. Usukani wameununua gereji kwenye gari bovu, au wameukata kwa mbao. Mhimili ni ule wa pedeli za baiskeli, umekatwa pamoja na kipande cha fremu ili beringi zibaki mahali pake, na mji huu haujawahi kukosa baiskeli mbovu. Voliyumu ya kiloomu 10, kifaa kile kile cha kuongezea sauti ya redio, inasoma usukani umegeuka kiasi gani, na Arduino, bodi ndogo inayoandikiwa programu, inapeleka habari kwenye kompyuta. Kijana anafungua Live for Speed, gemu ambayo hata kompyuta ya zamani inaimudu, anashika barabara iliyonyooka, mikono imetulia tuli, na gari linayumba kama la mlevi. Anabadilisha programu, bado. Mwishowe usukani unaingia uvunguni.

Inaniuma, kwa sababu dawa iko hatua chache kutoka mlangoni kwake. Nimemsikia fundi mmoja kwa masikio yangu akimwambia kijana kwamba yeye hatengenezi midoli. Fundi yule yule asubuhi alikuwa anatibu redio inayokwaruza ukiongeza sauti, na ugonjwa ni huo huo mmoja. Ndani ya voliyumu kuna utepe wa kaboni na ulimi wa chuma unaoteleza juu yake. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi. Ulimi unapata kutu, utepe unashika uchafu, mguso unakatika kufumba na kufumbua. Kwenye redio utasikia mkwaruzo. Kwenye usukani, pini ya Arduino inakosa wa kuishika, inasoma namba yoyote inayopita, na gari linaruka kando ya barabara.

Lakini si kila mtetemo ni uchafu, na hapa ndipo jicho la fundi linapohitajika. Mpwa wangu, binti wa sekondari, aliniletea usukani wake. "Mjomba, programu nimeiandika upya yote na bado unatetemeka." Nikamwambia aache programu, anionyeshe namba zenyewe kwenye skrini. Bodi ile inasoma kuanzia 0 hadi 1023. Tukazungusha usukani taratibu kutoka mwisho hadi mwisho: namba zilicheza hatua tano hivi kila mahali, hazikuruka sehemu moja. Basi utepe ni mzima. Uchafu una mahali pake, ukipita hapo unaruka, ukitoka unatulia. Kinachotetemeka kila mahali kinatoka kwenye umeme au kwenye waya.

Nikafuata waya mmoja mmoja. Voliyumu alikuwa ameilisha kwa chaja ya simu, bodi inakula umeme wa kompyuta. Hapo ndipo palipokuwa na shida. Bodi haipimi volti kwa namna ya mita yangu, inalinganisha volti ya ulimi na volti 5 zake yenyewe. Voliyumu ikila volti 5 hizo hizo za bodi, umeme ukishuka vinashuka pamoja na namba haibadiliki. Ukiilisha kwa chaja nyingine, kila mmoja anapanda na kushuka kivyake. Tukaitoa chaja, tukachukua chanya na hasi kutoka kwenye bodi. Nyaya ndefu zilizokuwa zinaning'inia tukazibadilisha kwa waya wa maikrofoni, ule uliovikwa wavu, na wavu tukaufunga kwenye hasi upande mmoja tu. Kati ya pini ya ulimi na hasi nikalehemu kapasita ndogo iliyoandikwa 104, yaani nanofaradi 100. Kulibaki mtetemo wa hatua moja, na huo huisha ukichomoa chaja ya kompyuta na kutumia betri.

Hatua tano si jambo dogo. Kwa gia yake, yenye meno 20 kwenye mhimili na 60 kwenye voliyumu, usukani ukienda nyuzi 810 voliyumu inakwenda 270, yaani kutoka namba 0 hadi 1023, kwa hiyo hatua moja ni chini kidogo tu ya nyuzi moja ya usukani. Hatua tano ni karibu nyuzi nne, na dereva yeyote wa barabara ya Segera anajua nyuzi nne zinakupeleka wapi ukiwa kwenye mwendo. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaoshauri programu ichukue wastani wa namba nyingi, au gemu ipuuze mageuzi madogo. Wastani mkubwa unachelewesha usukani, unakata kona gari linaitika baadaye. Kijana anayejifunza mkono wa udereva humo anajifunza mkono mbaya. Tibu waya kwanza, wastani mdogo uje mwishoni.

Kuna jingine ambalo fundi redio hulitambua kabla hata ya kushika mita. Voliyumu zilizotolewa kwenye redio mara nyingi zina herufi A, hazipandi kwa usawa, zimetengenezwa kufuata sikio. Ukiitia kwenye usukani, upande mmoja wa kona unakuwa mwepesi na wa pili mzito. Inayotakiwa ni B, inayopanda kwa usawa. Herufi ikiwa imefutika, iweke katikati na upime kila upande: B ya kiloomu 10 itakupa kama 5 na 5. Na bodi iwe Leonardo au Pro Micro, zenye chipu ya ATmega32U4 inayoweza kujitambulisha kwa kompyuta kama usukani. Uno R3, ambayo ndiyo rahisi kuipata madukani, chipu yake kuu haina USB ya kwake, na wengi wamepoteza fedha hapo.

Anayetaka kuikimbia chumvi moja kwa moja atumie kihisi cha sumaku cha AS5600. Hakina kinachogusana na kinasoma hatua 4096 kwa mzunguko. Ila sumaku ya spika haifai, kwa kuwa ncha zake ziko juu na chini. Inatakiwa ile ambayo kaskazini na kusini zimegawana duara. Mota za kuufanya usukani urudishe nguvu sitaziandika leo, isipokuwa niombe kwamba asiyeweka swichi ya kukata umeme karibu na mkono asiziwashe.

Ndugu Mhariri, ukurasa wako wa teknolojia hutuletea simu mpya kila wiki. Nakuomba kona ndogo humo ya michoro ya saketi kwa Kiswahili, kuanzia na huu wa usukani, na mafundi tuko tayari kuichora. Wenzangu, kijana akija na mbao na waya, mpe kiti na mita. Nanyi vijana, mkija msije na usukani peke yake: leteni na nyaya zake zote, na chaja ya kompyuta mnayoitumia, maana bila hiyo chaja nusu ya vipimo haviwezekani.

Fundi redio,
Ngamiani, Tanga