Kuhesabu wanaolala nje

Nairobi

Mwanaisha wangu,

Hatujambo, ila baridi ya Julai inatutesa. Barua yako nimeirudia zaidi kwenye habari ya kuponi. Kumbe tangu 2022 huko kwenu Marekani, Seattle na kaunti yake nzima ya King, hawazunguki tena usiku kuhesabu vichwa! Asiye na makao anahojiwa, anapewa kuponi chache awapelekee wenzake, nao wakija wanapewa zao, kisha wataalamu wa chuo kikuu wanakadiria jumla kwa kufuata nani anamjua nani. Nimeipenda.

Sisi tuna hesabu mbili zisizosalimiana. Ile ya familia za mitaani ya 2018 ilipata watu 46,639 nchi nzima, 15,337 kati yao Nairobi. Sensa ya Agosti 2019 ikaja na kama 20,000 tu wanaolala nje. Usiniambie wengine wote walipata nyumba kwa mwaka mmoja! Nadhani swali ndilo lilikuwa jingine: sensa ilimtafuta aliyelala nje usiku ule wa tarehe 24, na wako wengi wanaoshinda barabarani mchana kutwa, jioni wakarudi chumbani Mathare.

Halafu kuna tochi. Kijana mmoja anayelala kwenye vibaraza vya River Road aliniambia, "Saa nane usiku ukimulikwa, utangoja ujue kama ni karani wa sensa au kanjo, askari wa jiji? Unatoka mbio." Mama mwenye mtoto mchanga ndiye haonekani kabisa, akipata hela kidogo analala lojingi, kesho yake yuko nje tena, na karani alishapita.

Ningekuwa na usemi, ningeajiri waliowahi kuishi mitaani, kila mmoja kwenye besi, yaani kijiwe cha kulala, anayoijua, walipwe kama makarani wengine, na waulize mtu alilala wapi wiki nzima, si usiku mmoja. Kuponi zako ndizo zinanipa wasiwasi. Kuponi yenye thamani ya paketi ya unga, hapa itauzwa sokoni Gikomba kabla ya saa sita mchana, na mjanja atarudi na jina jipya na kofia nyingine.

Kwa hiyo niulizie: wanamtambuaje aliyekwisha kuhojiwa bila kumdai kitambulisho? Wengi wa hapa hawana, na wakiombwa wanadhani wanashikwa. Na mtoto aliye peke yake, nani anamkubalia ahojiwe?

Nisalimie shemeji na watoto.

Wako,
Rehema