Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Maonyesho ya Sayansi ya Shule, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni. Tunakushukuru sana, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako na kuja kukagua kazi zetu.

Mwaka huu klabu imejifunza nishati ya jotoardhi, yaani umeme unaofuliwa kwa joto la maji moto yaliyo chini ya ardhi, na kituo kilichotuvutia zaidi ni McGinness Hills, katika jangwa la Nevada nchini Marekani. Juu ya ardhi pale hakuna chemchemi ya maji moto. Joto lilijulikana kupitia visima vilivyochorongwa kutafuta dhahabu. Kampuni ya Ormat ilianza kufua umeme mwaka 2012, ikaongeza awamu ya pili mwaka 2015, na ya tatu, ya megawati 48, mwishoni mwa 2018.

Kwa nini hawakujenga yote kwa mkupuo? Kwa sababu maji moto yaliyo chini hayaonekani, na tabia yake hufahamika yakishaanza kutumika. Yakitoka mtamboni hurudishwa ardhini kwa visima vingine. Visima hivyo vikiwa karibu mno na vile vinavyotoa maji moto, maji yaliyopoa huwahi kurudi na kupunguza joto. Hivyo wataalamu hutia rangi maalumu kwenye maji yanayorudishwa, kisha hungoja waone itatokea kisima kipi, na baada ya muda gani. Ukiharakisha upanuzi kabla ya kupata jibu hilo, unaweza kuharibu hata kile ulichokwisha kujenga. Jambo hili lilitugusa kuliko hesabu ya megawati.

Tena jangwani maji ni haba, kwa hiyo mitambo hupozwa kwa feni kubwa. Gharama yake ni kwamba mchana wa joto kali umeme hupungua.

Mheshimiwa, majirani zetu wa Kenya walianza kituo chao cha jotoardhi cha Olkaria mwaka 1981 kwa mtambo mmoja wa megawati 15. Leo jotoardhi ndiyo chanzo chao kikuu cha umeme. Sisi tuna maeneo ya jotoardhi ya Ngozi na Kiejo-Mbaka mkoani Mbeya, na tuna Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania. Wakazi wa jiji hili wanaujua mgawo wa umeme unaokuja mabwawa yakikosa maji. Jotoardhi haingoji mvua. Kituo cha kwanza kikiwa kidogo, tusikidharau. Kijengwe, kipimwe, kisha kipanuliwe.

Ombi letu kubwa ni usafiri wa kwenda Mbeya. Mfano ulio mezani tumeutengeneza kwa sufuria ya presha na feni ya kompyuta kuukuu, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona kisima cha jotoardhi. Tunaomba pia vipimajoto vya maabara, na utusemee huko uliko ili wasichana wanaopenda jiolojia na uchorongaji wapate nafasi za mafunzo kwa vitendo.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Klabu ya Sayansi