Barua ya wazi kwa mdogo wangu wa Deira, Dubai: hilo kontena la Ashgabat, mji mkuu wa Turkmenistan

Mdogo wangu,

Salamu sana. Hilo kontena la matairi unalotaka kulipeleka Turkmenistan, usilipakie kwanza. Bei aliyokutajia mnunuzi inavutia, sikatai. Ila biashara ya nchi ile inaamuliwa na mlango: mzigo utaingilia wapi, na dola zitatokea wapi.

Tuanze na dola. Tangu Januari 2015 bei rasmi ni manati 3.5, fedha ya huko, kwa dola moja, na mpaka leo haijasogezwa. Mtaani dola hiyohiyo inauzwa mara kadhaa ya hapo. Januari 2016 maduka ya kubadilishia fedha yakazuiwa kuwauzia wananchi dola. Sasa huyo mnunuzi wako ni mmoja kati ya watu wawili. Ama benki imemkubalia kubadilisha manati kwa bei rasmi, na huyo ana raha zake. Ama anaokoteza dola mtaani, na huyo bei aliyokutajia itamshinda. Muulize ni yupi kabla hamjazungumza jingine.

Akikwambia anasubiri benki, jua anasubiri gesi, maana ndiyo inayoingiza dola. Nchi ina gesi nyingi mno, lakini haina bahari inayoelekea popote. Kaspi ni ziwa. Gesi yote inategemea bomba la kupita kwa jirani. Mrusi aliacha kununua mwanzoni mwa 2016, akarudi 2019 kwa kiasi kidogo. Januari 2017 wakagombana na Irani juu ya deni, mtiririko wa kwenda huko ukakatwa. Aliyebaki mnunuzi mkubwa ni Mchina, anayeivuta kwa mabomba matatu yanayokatiza Uzbekistan na Kazakhstan. Malipo ya huko yakipungua, foleni ya dola benki inarefuka, na mwenye kutaka matairi anakaa nyuma ya mwenye kutaka mashine za serikali.

Kuna na mkataba. Mkataba wa kuingiza bidhaa unasajiliwa kwenye soko la serikali la bidhaa na malighafi, na bei inakaguliwa hapohapo. Kazi hiyo ni ya mnunuzi, lakini usipakie kabla hujaona nakala yenye muhuri. Ankara yako ifanane na mkataba mpaka nukta: jina la bidhaa, idadi, saizi, bei ya kila tairi. Ukiandika matairi 240 huku mkataba unasema 250, hayo kumi yatakalisha mzigo mpakani.

Njia fupi unaijua: bandari ya Jebel Ali hapo Dubai, bandari ya Bandar Abbas ya Irani, kisha reli hadi Mashhad na Sarakhs mpakani. Kipande cha Mashhad, Sarakhs hadi Tejen, upande wa Turkmenistan, kilifunguliwa 1996. Pale Sarakhs ndipo penye kazi. Reli ya Irani ina upana wa milimita 1,435, sawa na SGR ya kwetu; ya Turkmenistan ni 1,520, urithi wa Warusi. Tofauti ni milimita 85 tu, lakini behewa halivuki hivihivi. Ama linainuliwa kwa jeki, bogi za chini zenye magurudumu zinatolewa na kuingizwa nyingine, ama kreni inahamishia kontena kwenye behewa la upande wa pili. Ni yaleyale ya Kidatu, TAZARA inapokutana na reli ya kati ya zamani. Kinachochelewesha mara nyingi si kreni, ni behewa la upande wa pili kutokuwepo. Na siku zote hizo kontena la kampuni ya meli linakuhesabia gharama, maana linatakiwa kurudi Bandar Abbas. Kwa hiyo ama tumia kontena ulilolinunua mwenyewe, ama shusha Bandar Abbas upakie lori lenye karneti ya TIR, hati ya forodha ya kuvukia mipaka, na sili isiyoguswa. Lori halijali upana wa reli.

Hati ya kusafirishia mzigo kwa reli za huko inaitwa SMGS, na hujazwa kwa Kirusi. Mpe kazi hiyo mtu anayekijua, asiwe mtu wa kutafsiri kwa simu. Miji nayo ilibadilishwa majina: Krasnovodsk sasa ni Türkmenbaşy, Chardzhou ni Türkmenabat. Ukikuta jina la zamani kwenye karatasi moja na jipya kwenye nyingine, sahihisha kabla ya kusafirisha.

Halafu vikwazo vya Marekani dhidi ya Irani. Neno Iran kwenye hati linaweza kutosha benki kuzuia malipo ya dola, hata kama mzigo unapita tu. Njia ya kuikwepa Irani ni ndefu: kwa meli hadi Poti, Georgia, kisha reli hadi Baku, kisha feri ya Kaspi hadi Türkmenbaşy. Feri hiyo huondoka ikijaa na upepo ukitulia. Usimwahidi mtu tarehe.

Mawasiliano nayafupisha. WhatsApp imefungwa, VPN ni marufuku, kampuni ya simu za mkononi ni moja, ya serikali. Tumia baruapepe, na simu ya kawaida, +993. Wako saa moja mbele ya Dubai, na Ijumaa wao wako kazini wakati Irani wamepumzika.

Mimi ningeuza kwa FOB Jebel Ali, yaani jukumu langu liishie mzigo ukipakiwa melini hapo, fedha zote ziingie kabla kontena halijatoka yadi, na atakayelipa awe mwenye jina lilelile la kwenye mkataba. Ukipata hiyo nakala, nitumie ukurasa wa masharti ya malipo kabla hujatia saini.

Kaka yako