Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) kuhusu maandishi yanayomfunga mtu

Moshi, Kilimanjaro

Ndugu Katibu Mtendaji,

YAH: TAHAJIA NA SARUFI KATIKA MAANDISHI YA KILA SIKU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mchapaji katika steshenari moja hapa Moshi mjini. Kazi yangu ni kuchapa na kupanga vizuri yale ambayo wananchi wameyaandika kwa mkono: barua za kuomba kazi, mihtasari ya vikao vya ukoo, katiba za vikundi vya kuweka na kukopa, matangazo ya mikutano ya mtaa, na zaidi ya yote hati za mauziano ya mashamba na viwanja. Nakuandikia kwa sababu siku hizi hata watu wenye elimu kubwa wanauliza waziwazi tahajia na sarufi zina faida gani, mradi watu wameelewana. Naamini zina faida, ila uzito wake haulingani kila mahali, na Baraza lako lingetusaidia zaidi kama lingekuja kusimama pale ambapo uzito huo ni mkubwa.

Kijana anayemwandikia mwenzake "xaxa" kwenye simu badala ya "sasa" hajamkosea mtu. Anayesoma anajua, na ujumbe ukishasomwa kazi yake imekwisha. Vilevile sina ugomvi na anayeandika "ambae" badala ya "ambaye", wala na anayeunganisha "kwa sababu" kuwa neno moja. Narekebisha, mteja anashukuru, na maana haikuwa hatarini hata kidogo. Nimeona watu wazima wakidhalilishwa mbele za watu kwa makosa ya namna hiyo, wengi wao wakiwa wamejifunza Kiswahili baada ya Kichaga, Kimeru au Kimaasai, na wanaowacheka hawaitendei lugha yetu wema wowote.

Shida huanza pale maandishi yanapomfunga mtu. Walifika kwangu muuzaji na mnunuzi wa shamba la kahawa na migomba huko mlimani, wakiwa na hati ya kuandikwa kwa mkono, yenye sahihi za mashahidi na muhuri, wakitaka ichapwe upya kwa kuwa karatasi ilikuwa imeanza kuchanika. Ndani yake mlikuwa na sentensi hii: "Muuzaji atavuna kahawa ya msimu huu." Nilipoisoma kwa sauti, mnunuzi alisema walikubaliana kwamba hatavuna, na kwamba aliyewaandikia ni mtu asiyetamka h, ndiyo maana hakuiandika. Ni kweli kwamba mistari ya juu ilikuwa na "apa" na "uyu". Muuzaji naye alishikilia kwamba hati isomwe kama ilivyo. Karatasi ile haikuwa na kitu kingine chochote cha kuonyesha nani anasema kweli, kwa kuwa sentensi zote mbili ni Kiswahili safi, na shahidi mmoja alikuwa amekwisha kufariki. Nilikataa kuichapa. Waliondoka kuelekea baraza la kata wakiwa hawasemezani.

Ningependa wanaosema "mradi tumeelewana" walipime jambo hilo. Tunapomsema mtu mmoja, ukanushaji mara nyingi hubebwa na h peke yake: ana deni au hana deni, atalipa au hatalipa, atadai au hatadai. Na huyo mtu mmoja ndiye anayeandikwa katika kila hati, awe muuzaji, mkopaji au mpangaji. Wakati wa mazungumzo tunasaidiwa na uso wa msemaji, na tukitilia shaka tunauliza. Hati husomwa baada ya miaka, pengine na watoto wa waliokubaliana, nao hawana wa kumuuliza.

Fomu za mikopo ya vikundi zina hatari iliyo karibu na hiyo. Mdhamini ni anayekubali kulipa mkopaji akishindwa. Mthamini ni anayekadiria thamani ya mali, na tangu mwaka 2016 tuna sheria inayosimamia usajili wa wathamini. Wengi hutamka dh na th kama z na s, na wakifika kwenye kuandika hubahatisha. Mama mmoja aliniletea fomu yenye jina lake chini ya neno "mthamini", akiamini aliitwa kukadiria bei ya ng'ombe wa jirani yake, kumbe kikundi kilikuwa kinamhesabu kuwa mlipaji.

Wapo watakaosema kwamba tahajia hii tuliwekewa na wakoloni, kwamba kamati iliyoanza kazi mwaka 1930 ilisanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja bila kutuuliza sisi wa bara. Hilo silikatai. Lakini baada ya uhuru taifa liliichukua kazi hiyo mikononi mwake, Baraza lako likaundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, na leo barua iliyoandikwa Rombo inasomeka bila taabu Bukoba na Mtwara. Haja yenyewe imeongezeka tangu mwaka 2021, sheria ilipobadilishwa na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Maneno ya hati ya mtaani yanaweza sasa kupimwa kwa Kiswahili hata katika ngazi ambazo zamani kumbukumbu zake zilikuwa za Kiingereza.

Kuna pia suala la mashine. Kompyuta nyingi za steshenari zimepangwa kwa Kiingereza, kwa hiyo neno la Kiswahili hupigwa mstari mwekundu hata likiwa sahihi, na mchapaji huzoea kuupuuza. Vikagua tahajia vya Kiswahili vipo, ila wengi wetu hatujaonyeshwa namna ya kuviwasha. Hata vikiwashwa, "atavuna" itapita, maana si kosa la tahajia.

Ndiyo maana naomba Baraza liandae vielelezo vya hati ambazo wananchi huandikishana mara kwa mara, kwa sentensi fupi, zilizotungwa ili haki ya mtu isitegemee herufi moja. Badala ya "muuzaji hatavuna", kielelezo kiseme "haki ya kuvuna ni ya mnunuzi peke yake". Badala ya "mdhamini" kusimama lenyewe, liongezwe "atakayelipa mkopaji akishindwa". Vielelezo hivyo vipitie kwa maafisa utamaduni wa halmashauri, vifike katika ofisi za watendaji wa kata, na vingine viachwe kwenye steshenari, ambako watu wengi huanzia. Siku ya Kiswahili Duniani, Julai 7, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021, ingefaa itumike angalau mara moja kukaa na watendaji na wachapaji wa mkoa mmoja na kuvijaribu vielelezo hivyo mbele yao.

Mkoa huo ukiwa Kilimanjaro, nitawakusanya wachapaji wenzangu wa Moshi, na kwa ridhaa ya wenyewe nitaleta nakala za sentensi zilizowagombanisha watu, majina yakiwa yamefutwa, ili wataalamu wako waanzie hapo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mchapaji, Moshi Mjini