Vita vya Msumbiji viliibadilisha na Ureno yenyewe

Ndugu Mhariri,

Kila ifikapo Juni 25 magazeti yetu hutukumbusha kwamba FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, iliundwa hapa Dar es Salaam mwaka 1962, na kwamba Msumbiji ikapata uhuru tarehe hiyohiyo mwaka 1975. Ni jambo jema. Kinachoniuma ni kusikia vijana wakisema Msumbiji ilipewa uhuru kwa sababu wanajeshi wa Ureno waliipindua serikali yao Aprili 25, 1974. Huko ni kuigeuza historia miguu juu.

Makapteni wale walioipindua serikali hawakuamka asubuhi moja wakaipenda demokrasia. Walikuwa wamechoshwa na miaka 13 ya vita katika makoloni yao ya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. Kijana wa Kireno alichukuliwa jeshini kwa miaka ipatayo minne, miwili akiwa Afrika, kulinda mashamba ya wengine. Maelfu walitoroka wakaingia Ufaransa bila pasipoti. Umaskini nao uliwasukuma wengi, siupuuzi, lakini hofu ya kuitwa jeshini ilikuwa kubwa. Kati ya sensa ya 1960 na ya 1970 idadi ya watu wa Ureno ilishuka.

Nchi iliyoondokewa na vijana wake haiwezi kubaki ilivyokuwa. Kila Krismasi televisheni ya taifa iliwaonyesha askari walioko Afrika, mmoja baada ya mwingine, wakisalimu wazazi, wake na watoto, kisha wakiaga kwa maneno yaleyale: kwaheri, mpaka nitakaporudi. Serikali ilitaka watu waone ushujaa. Lakini zaidi ya askari 8,000 walikufa, na hakuna salamu za televisheni zinazoweza kumficha mama habari ya mwanawe. Magazeti yalipita kwanza kwa wakaguzi wenye penseli ya buluu. Ukweli wa vita ukasambazwa na waliorudi na majeraha yake mwilini. Hata Kanisa Katoliki, lililokuwa nguzo ya utawala ule, lilianza kuwa na sauti mbili: mwisho wa 1972 waumini walikusanyika katika kanisa dogo la Rato, Lisbon, kuombea amani na kuvijadili vita, hadi polisi wakaingia kuwakamata. Februari 1974 Jenerali António de Spínola, aliyekuwa gavana wa Guinea-Bissau, alichapisha kwamba ushindi wa kijeshi hauwezekani. Na usiku wa mapinduzi, ishara ya kutoka kambini ilikuwa wimbo redioni, wa mwimbaji ambaye nyimbo zake kadhaa zilikuwa zimepigwa marufuku.

Waliowafikisha Wareno hapo ni wapiganaji waliofunzwa katika kambi za Kongwa na Nachingwea, na vijana waliosoma Taasisi ya Msumbiji, shule ya FRELIMO hapa Kurasini. Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa kwa bomu la kifurushi katika jiji hili, Februari 3, 1969. Damu hiyo iliikomboa Msumbiji, na ikawafungulia Wareno mlango wa kupiga kura kwa uhuru.

Naomba wizara inayohusika na elimu iziweke tarehe hizo mbili pamoja vitabuni, ya Aprili kabla ya ile ya Juni, na sababu yake ielezwe. Pale Kurasini kiwekwe kibao. Na gazeti lako, Ndugu Mhariri, litume mwandishi Nachingwea mapema, maana wazee walioishi na wapiganaji wale wanazidi kupungua.

Mwalimu mstaafu,
Kurasini, Dar es Salaam