Wanakwaya na walimu, tufanye mazoezi ya mwili tuokoe sauti zetu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee na walimu wenzangu, wanakwaya na wote ambao sauti ndo inawapa ugali. Kila ikikaribia Pasaka kwaya zinakutana kila jioni, watu wanatoka kazini hoi, wanakaa kwenye viti vya plastiki masaa matatu migongo imepinda, wanarudia wimbo uleule, halafu wiki ya sikukuu yenyewe nusu ya sauti ya kwanza wamekauka. Hapo ndo utaona tangawizi, asali, limao, mayai mabichi, wengine wanakunywa mpaka mafuta ya kula eti yalainishe koo. Jamani, unachomeza hakigusi nyuzi za sauti. Chakula kina njia yake na hewa ina njia yake, na nyuzi za sauti ziko njia ya hewa, yai likifika pale utapaliwa. Tangawizi ya moto inaliwaza koo, sikatai, ila haimpi mtu pumzi.

Na pumzi ndo kila kitu. Sauti inatokea hewa ya mapafuni inapopita katikati ya zile nyuzi mbili kwenye koromeo zikatetemeka, mwanaume akiongea kawaida ni mara mia na kitu kwa sekunde moja, mwanamke kama mara 200. Sasa anayeisukuma hiyo hewa na kuizuia isiishe haraka sio koo, ni kiwambo kilicho chini ya mapafu pamoja na misuli ya mbavu, tumbo na mgongo. Misuli hiyo ikiwa legelege pumzi inakata katikati ya mstari na mtu anaanza kukamua kwa shingo. Msogelee anayeimba hivyo umwangalie vizuri, mabega yanapanda kila akivuta hewa, kidevu kimeinuka, mishipa ya shingo imesimama, taya limekaza. Nyuzi zinagongana kwa nguvu, zinavimba, na akiendelea hivyo miezi na miezi zinaweza kuota vinundu, sauti inabaki mikwaruzo. Walimu tumo kwenye kundi linaloumia zaidi kwa tatizo hili, na sishangai, darasa lina watoto 80, mvua inapiga bati, na bado unatakiwa usikike mpaka dawati la nyuma.

Ndo maana nasema mazoezi ya mwili. Kutembea haraka nusu saa, kukimbia taratibu, kuogelea, kupanda ngazi, chochote kinachokufanya uheme. Sio kwamba mapafu yatakua makubwa, hapana, ila moyo na misuli inazoea kazi kwa hiyo ukisimama kuimba au kufundisha huhemi ovyo na pumzi unaigawa unavyotaka. Kwaya yetu siku hizi tunaanza na robo saa bila wimbo, tunazungusha mabega, tunanyoosha shingo na mbavu, tunapiga hatua palepale huku tunatoa "sss" ndefu mpaka hewa iishe, halafu tunavuma kwa mrija uliozamishwa kwenye glasi ya maji. Besi walikuwa wanaona ni mambo ya watoto, sasa wao ndo wa kwanza kufika.

Ila nguvu bila akili inaumiza. Ukinyanyua vyuma ukabana pumzi na kuguna, nyuzi zinabanwa kwa nguvu kubwa, toa hewa wakati unanyanyua. Na wale wa klabu za joging wanaopiga kelele kushinda spika, sauti mnaiua wenyewe. Mchakamchaka wa shule, zile mbio za asubuhi za kukimbia huku mnaimba, ulikuwa na utaratibu mzuri, kiongozi anatoa kipande kifupi, wengine wanaitikia naye anapata nafasi ya kuvuta hewa.

Najua wapo watakaoniuliza mbona Bi Kidude, yule mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alivuta sigara na bado aliimba mpaka uzeeni. Kweli alivuta, na alipofariki Aprili 2013 alikuwa anakadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 90. Lakini yule bibi alikuwa pia mpiga ngoma, alisimama na ngoma kaifunga kiunoni anapiga na kuimba kwa pamoja, hiyo ni kazi ya mwili mzima. Sigara inaunguza nyuzi za sauti za mtu yeyote, tusiichukue hiyo tukaiacha ngoma.

Walimu wakuu, naomba mchakamchaka urudi pale ulipokufa na sisi walimu tukimbie na watoto. Viongozi wa kwaya, viti viondoeni nusu ya kwanza ya mazoezi. Na wewe mhariri, ukurasa wenu wa afya umtafute daktari wa masikio, pua na koo awaeleze wasomaji, maana wapo wenzetu sauti imekwaruza zaidi ya wiki tatu na bado wanatafuna tangawizi badala ya kwenda kuangaliwa.

Mwalimu na mwanakwaya,
Temeke, Dar es Salaam